Fahamu: Laptopu ya bei nafuu unayotaka kununua, itakufaa kweli?

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft imesitisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Kwa hiyo, ukinunua laptopu iliyotumika Kariakoo au Luthuli Avenue, anza na prosesa. Kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu: i5-7200U ni cha 7, i5-8250U ni cha 8. Kibandiko cha "Core i5" pekee hakitoshi. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyostahili. Itawaka vizuri, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho.

Kisha betri, ambayo wanunuzi wengi huisahau. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua ripoti inayotengenezwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ikiwa 48,000 na ya pili 24,000, nusu ya uwezo wa betri imekwisha.

RAM ya GB 4 ni ya kubanana, tafuta 8. Kama diski ni ya kuzunguka, badilisha uweke SSD kabla ya kulalamikia prosesa. Diski ya eMMC, iliyochomelewa kwenye ubao, haibadilishwi kirahisi.