Mchungaji na Usuluhishi wa Ndoa: Kukiri Kushindwa Nako ni Huduma

Wachungaji wengi wa sharika zetu wamepata kuombwa jambo linalowatia hofu: kuthibitisha kwa maandishi kwamba upatanisho wa wanandoa fulani umeshindikana. Wengine huahirisha mwezi baada ya mwezi, wakidhani kuwa kwa kukataa kuandika wanailinda ndoa. Makala haya yanakusudia kueleza maana ya usuluhishi huo katika sheria ya Tanzania, na kuonyesha kwamba kukataa huko si uchungaji mwema.

Sheria

Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 101, iliweka kanuni kwamba shauri la talaka lisifunguliwe mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo Baraza likathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Yako mambo yaliyoachwa nje ya kanuni hiyo, kama vile mwenzi aliyetoroka asijulikane aliko. Mbali na mabaraza ya kata, sheria hiyo ilimpa Waziri uwezo wa kuitambua kamati iliyoundwa na jumuiya fulani kuwa Baraza la watu wake. Kwa hiyo si kila kikao cha wazee wa kanisa ni Baraza. Mchungaji na ahakikishe kwanza kama kamati yake imetambuliwa, asije akatoa hati itakayokataliwa mahakamani.

Mbele ya Baraza, wakili hamsemei mtu. Mume na mke hujieleza kwa vinywa vyao wenyewe. Baraza halivunji ndoa, bali hutafuta mapatano. Likishindwa, hutoa hati inayoeleza lililoyaona, na laweza kuongeza mapendekezo kuhusu matunzo, mali na malezi ya watoto. Hapa wazee wakumbuke kwamba Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Kumwambia mke kwamba hakuleta kitu ni kumdhulumu.

Msingi wa kiteolojia

Katika Mathayo 18:15-17 Bwana wetu aliweka hatua za kumrejea ndugu: faraghani, kisha pamoja na mashahidi, kisha kanisani. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 6, anawaonea haya waamini wanaokimbilia mahakamani kana kwamba kati yao hakuna mwenye hekima. Usuluhishi, basi, ni kazi yetu kabla haujawa takwa la sheria. Lakini hatua za Mathayo zina mwisho, kwa kuwa Yesu alijua kwamba yupo atakayekataa kusikia. Luther naye, katika kijitabu cha ndoa alichowaandikia wachungaji mwaka 1529, aliihesabu ndoa kuwa jambo la kidunia. Hakuidharau, alitambua kwamba Mungu ameiweka mikononi mwa serikali pia. Mchungaji anayeificha hati anajitwalia kiti cha hakimu ambacho hakupewa.

Mipaka

Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kilitamka kwamba, hata mila ikisema vingine, hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake ili kumwadhibu. Mke aliyevimba uso hawezi kusema kwa uhuru akiwa ameketi kando ya aliyempiga, tena mbele ya wazee ambao pengine ni ndugu wa mume. Usalama wake, matibabu na polisi hutangulia. Kumrudisha nyumbani kwa maombi tu, kisha kuita hayo mapatano, ni kubariki hofu. Ukimya wa mtu aliyetishwa si amani.

Hitimisho

Tusuluhishe kwa bidii, kwa uvumilivu, na kwa kutunza siri. Lakini tunapokuwa tumewasikiliza wote wawili na mioyo ikabaki migumu, tuandike ukweli: tulikaa mara ngapi, nani alifika, na ni nini kilichotushinda. Hati hiyo si baraka kwa talaka, bali ni ushuhuda, nasi tumekatazwa kushuhudia uongo. Baada ya hapo mume, mke na watoto bado ni kundi letu, na mlango wa ofisi ya usharika ubaki wazi kwao.