Kuwamba bawa la ndege ndogo

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya kwetu Pwani. Ndege ndogo ya rimoti huku huhitaji mwendo zaidi ili ipae, na bawa lililopinda huiangusha upesi.

Ndugu msomaji, utando wa plastiki wa kuvika bawa la balsa una gundi upande mmoja, na hunywea kwa joto. Kwa pasi ya moto mdogo, mimi hubandika kingo kwanza, chini kisha juu. Ndipo huongeza moto, nikikaza pande zote mbili kwa zamu kama awambaye ngoma. Upande mmoja ukivuta zaidi, bawa hujipinda. Likijipinda, lipinde kinyume, lipashe tena, ulishike hadi lipoe.