Kuchagua Shahada ya Usanifu wa Majengo

Vijana wanaohitimu kidato cha sita hukuta jina "usanifu wa majengo" katika orodha za vyuo vingi, ilhali masomo yaliyo nyuma ya jina hilo hayafanani. Makala haya yaeleza mambo matatu ambayo yafaa kupimwa kabla ya kujaza fomu za maombi.

Usajili

Msanifu majengo, kama alivyo tabibu, hafanyi kazi kwa cheti cha chuo peke yake. Katika Tanzania Bara, kwa Sheria ya mwaka 2010, sharti asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Basi swali la kwanza ni hili: je, Bodi yaitambua shahada hii? Swali hilo lina uzito zaidi kwa aendaye ng'ambo. Nchini Marekani ipo shahada ya kwanza ya miaka 5 iliyoidhinishwa kwa ajili ya taaluma. Ipo pia ya miaka 4, ambayo humlazimu mhitimu kuendelea na shahada ya uzamili. Nchini Uingereza, shahada ya miaka 3 kwa kawaida ni hatua ya kwanza tu. Asiyelijua hilo aweza kurudi nyumbani na shahada halali, kisha akaambiwa kwamba safari bado.

Studio

Moyo wa elimu hii ni studio. Humo mwanafunzi hupewa kiwanja na mahitaji ya watakaolitumia jengo, akachora, akaunda mfano mdogo, kisha akautetea mbele ya walimu. Uliza mwalimu mmoja huongoza wanafunzi wangapi, na studio hupewa saa ngapi kwa juma. Omba kuona michoro ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho: hiyo husema mengi kuliko kijitabu cha chuo.

Jua na mvua

Jambo la tatu ni sayansi ya mazingira. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri ya Juni jua huwa upande wa kaskazini, na ya Desemba upande wa kusini. Nyakati zote mbili huwa juu sana, hivyo upenu wa kiasi hutosha kuukinga ukuta. Lakini asubuhi na jioni jua huwa chini, likapenya madirisha ya mashariki na magharibi ambayo upenu hauwezi kuyafunika. Ndiyo sababu nyumba hapa hufaa kunyooshwa kutoka mashariki hadi magharibi. Katika nchi za baridi, jua hukaribishwa ndani; anayesomea huko hana budi kujifunza kulikinga.

Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, lilikuwa somo zuri: miavuli yake ya zege ilileta kivuli, na papo hapo ikakinga maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliharibu jengo; fikra yake yabaki kuwa funzo.

Kwa hiyo, mzazi na mwanafunzi wasitazame umaarufu wa chuo peke yake. Waulize kama shahada itasajiliwa, kama mkono utazoezwa, na kama jengo litakalochorwa litakalika mahali litakaposimama.