Kompyuta ya Picha na Mfanyakazi Asiyeona

Askari wa lindo, usiku wa giza nene, hamtambui ajaye kwa macho. Humtambua kwa neno la siri. Ajaye akinyamaza, mlinzi hana la kushika. Ndivyo alivyo kipofu mbele ya kompyuta ya leo.

Katika miaka ya 1980 kompyuta nyingi za ofisini zilionyesha maandishi matupu. Programu maalumu iliyatwaa maneno yaliyomo kiooni, ikayageuza sauti, na karani asiyeona akafanya kazi meza moja na mwenye macho. Fundi mmoja wa programu hizo alikuwa Ted Henter wa Marekani, mshindani wa mbio za pikipiki aliyepofuka katika ajali ya gari mwaka 1978. Programu yake, JAWS, ilitoka mwaka 1989.

Kisha yakaja madirisha na picha za kubofya kwa kipanya. Wenye macho walifurahi, wala hatuwalaumu. Lakini picha ni nukta za rangi tu. Sauti haikupata neno la kusoma. Watu waliojilisha kwa jasho lao wakaona ajira inaponyoka, si kwa uvivu, bali kwa kuwa chombo cha kazi kilibadilishwa bila wao kukumbukwa. Huko Massachusetts vipofu hawakunyamaza; jimbo likatishia kutonunua Windows 95, ndipo Microsoft ikasikiliza.

Tiba yenyewe si kubwa. Mtunga programu huambatanisha jina na kila picha: Hifadhi, Tuma, Futa. Asipofanya hivyo, kipofu husikia "kitufe", tena "kitufe", tena "kitufe". Nani atabonyeza asichokijua, na kimoja chaweza kufuta kazi ya siku nzima?

Bei nayo ilikuwa ukuta, hata mwaka 2006 Michael Curran, kijana kipofu wa Australia, alipoanza kutunga NVDA, itolewayo bure. Lakini hata NVDA haitaji jina lisiloandikwa.

Askari atauliza yanamhusu nini. Mwaka 2007 polisi wa Ubelgiji walikuwa wamewaajiri vipofu wasikilize simu za wahalifu, maana masikio yao hunasa lafudhi na kishindo ambacho wengine hawakisikii. Kazi hiyo huishia kwenye taarifa, na taarifa huandikwa kwa kompyuta. Basi kituo kinunuapo programu mpya, ijaribiwe kwanza kioo kikiwa kimezimwa.