Somo la dawa haliishii darasani

MSOMAJI, karatasi ya dawa unayopewa na daktari ina maneno machache: jina la dawa, kipimo chake, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi. Nyuma ya maneno hayo kuna miaka ya masomo. Mwanafunzi wa udaktari hupitia elimu ya dawa, iitwayo famakolojia, kabla ya kuruhusiwa kumwandikia mgonjwa hata tembe moja kwa jukumu lake mwenyewe. Wengi hudhani elimu hiyo ni ya kuhifadhi majina magumu tu. Majina yapo, tena mengi, lakini hayo ndiyo sehemu nyepesi.

Wiki hii tutaeleza jinsi madaktari wanavyofundishwa dawa, na kwa nini ipo sehemu ya somo hilo ambayo hakuna profesa awezaye kuifundisha ila wewe mgonjwa.

Nusu mbili za somo

Famakolojia ina nusu mbili. Nusu ya kwanza huuliza: mwili huifanya nini dawa? Tembe ikimezwa hunyonywa, hasa katika utumbo, huchukuliwa na damu hadi inapohitajika, mara nyingi hubadilishwa na ini, kisha mabaki yake hutolewa, zaidi kwa njia ya figo. Ndiyo sababu dozi inayomfaa kijana mwenye figo nzima yaweza kumdhuru mzee ambaye figo zake zimechoka. Ndiyo sababu pia dawa moja humezwa mara moja kwa siku na nyingine kutwa mara tatu. Ile ya kutwa mara tatu hutoka mwilini haraka, kwa hiyo inatakiwa imezwe takriban kila baada ya saa 8. Anayemeza zote tatu kati ya asubuhi na alasiri huuacha usiku mzima bila ulinzi.

Nusu ya pili huuliza: dawa huufanya nini mwili? Hapa mwanafunzi hujifunza kwamba kila dawa ina kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru. Chukua parasitamoli, inayouzwa hata katika duka la unga na sukari. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Lakini dawa nyingi za mafua zina parasitamoli ndani yake. Anayemeza tembe za homa na kuongeza dawa ya mafua aweza kuuvuka mpaka huo na kulidhuru ini lake, naye anadhani ametumia dawa mbili tofauti.

Kuhifadhi na kuchagua

Udaktari umefundishwa Makerere tangu mwaka 1924, Dar es Salaam tangu 1963 na Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1967. Kwa miaka mingi njia ya kufundisha dawa duniani ilikuwa moja. Mwalimu husimama mbele na kuzieleza dawa kundi baada ya kundi: za moyo, za maumivu, za kuua vijidudu. Mwanafunzi huandika, huhifadhi, na siku ya mtihani hurudisha alichohifadhi.

Njia hiyo ina faida zake, lakini ina kasoro moja kubwa. Kitabu huanza na dawa na kuishia kwenye ugonjwa, ilhali mgonjwa huja na maumivu na hajui ni ya ukurasa gani. Mwanafunzi anayeweza kukueleza yote kuhusu dawa ishirini aweza kukwama anapotakiwa kuchagua moja kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele yake.

Mwezi Novemba mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu jijini Nairobi kujadili matumizi bora ya dawa. Maana waliyoiweka ingali inatumika hadi leo: mgonjwa apewe dawa inayolingana na ugonjwa wake, kwa kipimo kinachomfaa yeye, kwa muda wa kutosha, na kwa gharama ndogo iwezekanavyo kwake na kwa jamii yake.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1994, shirika hilo lilitoa mwongozo wa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari namna ya kuandika dawa. Mwongozo una hatua sita. Kwanza, tambua tatizo la mgonjwa. Pili, amua unataka matibabu yafikie nini. Tatu, chunguza kama dawa uliyozoea kuichagua inamfaa mgonjwa huyu. Nne, anza matibabu. Tano, mweleze mgonjwa atakavyoitumia na mambo ya kujihadhari nayo. Sita, fuatilia matokeo, na dawa ikibidi kusimamishwa, isimamishwe.

Njia hiyo ilijaribiwa kwa wanafunzi katika vyuo saba vya nchi mbalimbali, kimoja kikiwa cha Lagos, Nigeria, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Waliofundishwa kuchagua kwa hatua waliwashinda wenzao, hata walipopewa wagonjwa wa aina ambayo hawakuifanyia mazoezi. Miezi sita baadaye bado walikuwa wanazo mbinu hizo.

Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kilichukua njia ya kufundisha kwa kuanzia kwenye tatizo la mgonjwa, na cha kuwapeleka wanafunzi wakajifunze miongoni mwa jamii.

Dawa hupita, mbinu hubaki

Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini kuhifadhi kusitoshe. Jibu tunalo katika malaria, ugonjwa ambao pwani yetu inaujua vyema.

Kwa miaka mingi dawa ya kwanza ya malaria nchini Kenya ilikuwa klorokwini. Vimelea vikaizoea, na mwaka 1998 ikaondolewa katika nafasi hiyo, ikaingia dawa ya sulfadoksini na pirimethamini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Fansidar. Sisi tuliosoma udaktari karibu na mwaka 2000 tulifundishwa hiyo. Haikudumu. Mwaka 2004 serikali ilitangaza kuibadilisha, na kufikia mwaka 2006 mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini ulikuwa umeanza kusambazwa.

Kwa hiyo katika muda wa miaka 8 dawa ya kwanza ilibadilika mara mbili. Daktari aliyehifadhi jina la dawa na kufunga kitabu alibaki na jibu la mtihani uliokwisha. Aliyefundishwa kuuliza kama dawa inatibu bado, kama ni salama, kama inamfaa mgonjwa huyu na kama ataimudu bei yake, huyo alihama nayo.

Mkoba wa Bi Zena

Sasa tuje mtaani Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu. Bi Zena nitakayemtaja hapa si mtu mmoja. Ni mfano niliouunda kutokana na mambo ambayo daktari wa mtaa hukutana nayo mara kwa mara, nami huutumia kuwafunza wanafunzi wanaokuja kujifunza hapa.

Bi Zena ana miaka 63. Ana presha na ugonjwa wa sukari. Kwa presha hutumia enalaprili pamoja na haidroklorothiazaidi, ile dawa inayomkojosha. Kwa sukari hutumia metiformini na glibenklamaidi. Mwanafunzi humsalimia kwa heshima, huketi, kisha huuliza:

"Mama, dawa zote unazotumia ni hizi?"

"Ni hizo, mwanangu."

Mwanafunzi wa kawaida huandika na kuendelea. Mimi humwambia asiandike kwanza, aulize swali la pili.

"Na goti likikuuma usiku, mama, unameza nini?"

"Hiyo si dawa. Ni ya maumivu tu."

Mkobani hutoka dikilofenaki, iliyonunuliwa dukani bila karatasi, na humezwa karibu kila usiku.

Msomaji, tazama hatari iliyopo. Figo ni kama chujio: damu sharti ifike kwa nguvu fulani ndipo ichujike. Dawa ya kukojosha hupunguza maji mwilini. Dikilofenaki huubana mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio. Enalaprili huulegeza mshipa unaoitoa. Kila moja peke yake, figo nzima mara nyingi huistahimili. Zikikutana zote tatu, nguvu ya kuchuja huanguka, na figo zaweza kushindwa kazi kwa ghafla, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa au mwenye kisukari. Zaidi ya hayo, dikilofenaki yenyewe huweza kuipandisha presha. Daktari asiyejua habari zake ataona presha imepanda, ataongeza dawa ya presha, na mzigo wa figo utazidi.

Baya zaidi ni kwamba mwanzoni figo haziumi. Bi Zena aweza kujiona mzima huku zikiharibika, hadi mkojo upungue, miguu ivimbe au kichefuchefu kianze.

Mwanafunzi huyo darasani alijifunza kila moja ya dawa hizo tatu, na ukimwuliza atakueleza jinsi kila moja inavyofanya kazi. Lakini darasani zilikuwa katika sura tatu tofauti za kitabu. Zilizokutana ni katika mkoba wa Bi Zena, na hakuna ajuaye yaliyomo mkobani ila mwenyewe.

Tiba ya goti ipo. Parasitamoli kwa kipimo chake, dawa ya kupaka na mazoezi ya misuli ya paja ni njia ambazo daktari aweza kuanza nazo, na damu ikapimwa kuona hali ya figo. Haitakiwi Bi Zena avumilie maumivu. Inatakiwa maumivu yake yajulikane.

Mwezi wa Ramadhani

Kuna somo jingine ambalo mji huu humpa mwanafunzi. Vitabu vingi huandika dawa kwa kudhani mgonjwa hula asubuhi, mchana na jioni. Ikiingia Ramadhani, chakula huhamia futari na daku. Glibenklamaidi huuchochea mwili utoe insulini hata kama tumbo ni tupu, kwa hiyo anayeimeza wakati wa daku kwa kipimo kile kile aweza kuishiwa sukari mchana. Metiformini peke yake haina hatari kubwa ya namna hiyo. Na dawa ya kukojosha, kwa mtu asiyekunywa maji kutwa nzima katika joto letu, huikaribisha ile hatari ya figo tuliyoieleza.

Mwenye kisukari anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dawa na saa zake zipangwe upya. Wengine watashauriwa wasifunge, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Aliyefunga akiona jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, au kipimo kikionyesha sukari chini ya 3.9, afungue mara moja kwa kitu kitamu. Kujidunga kidole kupima sukari, kwa kauli ya wanazuoni wengi, hakubatilishi swaumu.

Sehemu yako, msomaji

Ukienda kwa daktari, fanya haya:

Beba dawa zako zote katika mkoba mmoja, pamoja na pakiti zake. Tia na za maumivu, za mafua, habasoda, mitishamba, na zile ulizoletewa na jamaa kutoka Mombasa au Ghuba. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi, na pakiti mbili tofauti zaweza kuwa na kitu kimoja ndani.

Uliza maswali manne kabla ya kutoka. Dawa hii ni ya nini? Niimeze vipi na kwa muda gani? Nikiona dalili gani nirudi? Je, yapatana na nyingine nilizo nazo?

Sema kweli kuhusu bei. Kama unajua hutaweza kuinunua yote, sema hapo hapo, kwani mara nyingi ipo ya bei nafuu ifanyayo kazi hiyo hiyo. Nusu ya dozi ya dawa ya kuua vijidudu huweza kuviacha vile vilivyo sugu vikiendelea kuishi.

Usiache ghafla dawa ya presha au ya sukari kwa sababu ya kusoma makala, hata haya. Peleka mkoba, ukaguliwe.

Na iwapo siku moja utamkuta mwanafunzi ameketi kando ya daktari, usione haya wala usikasirike maswali yake yakiwa mengi. Mwambie hata yale ambayo wewe huyahesabu kuwa si dawa. Huenda jibu lako likawa ndilo litakalomfanya, miaka kumi baadaye, amwulize mgonjwa mwingine swali la pili.