"Imeli iko inakatala": uliza kwanza nani anapata

Wandugu wahitimu, na ninyi wanafunzi munaojiandaa kwa staji, wengi wenu muliosoma informatiki mutapata kazi ya kwanza katika ofisi ndogo ya watu ishirini au thelathini, na ninyi ndio mutakuwa "mutu wa mashini". Hakuna atakayewaomba muandike programu. Siku ya pili au ya tatu mama wa mapokezi atasimama mlangoni na kusema, "Imeli iko inakatala." Hapo ndipo diploma inapimwa. Ninyi muliosoma sheria au uchumi musikimbie, maana wanaoketi mbele ya ile kompyuta ni ninyi.

"Iko inakatala" ni neno moja lenye magonjwa mengi ndani yake. Inawezekana neno la siri limesahaulika, kebo imechomoka, diski ya seva imejaa, mega za ofisi zimeisha, au saa ya kompyuta imepotea. Vijana wengi wa staji hukimbilia kompyuta ya yule anayelalamika na kufuta akaunti ili waiweke upya. Msifanye hivyo. Kama programu ile ilipangwa kwa njia ya zamani, POP3, mara nyingi barua zilishashushwa kwenye kompyuta na kufutwa kwenye seva. Ukifuta akaunti pamoja na data yake, umefuta barua za miaka yote za mtu, na hapo hakuna wa kukutetea.

Mimi huwa siendi kwanza kwa mgonjwa. Ninauliza nani ni mzima. Je, jirani yake wa meza anapata barua? Aliye nje ya ofisi, anayetumia mega za simu yake, anapata? Yeye mwenyewe akifungua barua zake kwa kivinjari, zinaonekana? Anashindwa kusoma, au anashindwa kutuma tu? Maswali haya hayachukui hata dakika tano, na kila jibu linakata shamba nusu. Kama ni mtu mmoja tu anayeshindwa, seva ni nzima, shida iko kwake. Kama ofisi yote inashindwa na wa nje wanapata, shida iko njiani. Wote wakishindwa, wa ndani na wa nje, ndipo unaenda kuangalia seva yenyewe, na kitu cha kwanza cha kuangalia huko ni nafasi ya diski (df -h), kwa sababu seva iliyojaa hufanya vitu vya ajabu.

Swali la kusoma au kutuma linahitaji maelezo kidogo. Seva ni nyumba yenye milango mingi, na kila mlango una namba. Kusoma kwa njia ya IMAP kunapita mlango 993, au 143 kwa mpango wa zamani. Kutuma kunapita 587 au 465. Kivinjari kinapita 443. Mlango 25 ni wa seva kuongea na seva nyingine, na makampuni mengi ya intaneti huufunga kwa wateja wao kwa sababu ya barua taka. Ndiyo maana mtu anafika nyumbani, anasoma barua vizuri, lakini akituma, hapana. Angalia mipangilio yake, mara mingi utakuta 25. Weka 587, weka na neno la siri la kutuma, imeisha.

Sasa sikilizeni jinsi mlango unavyojibu, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Ukibisha hodi kwenye seva, unaweza kupata majibu ya namna nne. La kwanza, jina la seva halijulikani: hujafika hata kwenye njia, ni mambo ya DNS. La pili, kimya, unangoja hadi muda unaisha: njia imekatika, au kuna mlinzi anayekuona na hataki kusema kitu. La tatu, "hapana" ya haraka: nyumba ipo, lakini huduma imezimwa, au wewe umefungiwa. La nne, mlango unafunguka, unaulizwa jina na neno la siri, kisha unakataliwa. Ni katika jibu hilo la nne peke yake neno la siri linapohusika. Katika yale matatu ya kwanza hakuna aliyekuuliza neno la siri, kwa hiyo kulibadilisha ni sawa na kubadilisha viatu kwa sababu daraja limevunjika. Lakini ndicho kitu cha kwanza ofisi zetu hufanya! Na kubadilisha bila sababu kunaleta ugonjwa wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. (Kwa kujaribu mlango kwenye Windows, fungua PowerShell uandike Test-NetConnection, jina la seva, kisha -Port 993. Msitegemee ping, seva nyingi nzima kabisa hazijibu ping.)

Huo ugonjwa wa pili niliuona katika ofisi moja ya Bukavu. Waliniita asubuhi, na dosie ya zabuni ilipaswa kutumwa kabla ya saa sita. Barua zilikuwa zinafanya kazi dakika chache, zinapotea kama dakika kumi, zinarudi, zinapotea tena, tangu jana yake. Walishalipa kifurushi kipya cha intaneti, hakikusaidia. Na mkosaji alishapatikana: kijana wa staji, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. "Tangu uyu mutoto afike hapa, mashini zinaharibika," ndivyo mkuu wa fedha alivyosema mbele yangu, na mkurugenzi alikuwa tayari kumrudisha chuoni bila karatasi ya staji. Bila karatasi hiyo, munajua wenyewe, mwaka umekwenda.

Nikauliza maswali yangu. Ofisini hakuna aliyekuwa anapata. Dereva, aliyekuwa nje kwenye gari na mega zake mwenyewe, alikuwa anapata bila shida. Na kwa kivinjari, hata ndani ya ofisi, barua zilifunguka. Basi nikawaambia watume dosie kwa kivinjari, ikaondoka saa tano na nusu, kabla hata sijajua ugonjwa ni nini. Kwanza utoe watu kwenye moto, sababu ya moto utaitafuta baadaye.

Jambo jingine alilisema mama wa mapokezi kwa kucheka: Papa wa fedha akitoka kwenda benki, imeli zinarudi. Wengine walishaanza kunong'ona mambo ya dawa. Mimi sikucheka, maana lile lilikuwa jambo la maana kuliko yote niliyosikia siku ile.

Nilipofungua daftari la matukio kwenye seva, nilikuta mstari uleule umejirudia mara nyingi: akaunti ya mkuu wa fedha, neno la siri baya, kutoka anwani ya ofisi. Ilianza Jumatatu mchana. Kilichotokea ni hiki. Jumatatu intaneti ilisumbua kidogo, Papa akadhani ni neno lake la siri, akalibadilisha kwenye kompyuta. Simu yake hakuikumbuka. Simu ikabaki mfukoni, imeunganishwa na Wi-Fi ya ofisi, inabisha hodi kila mara kwa neno la zamani. Kwenye seva kulikuwa na mlinzi anayeitwa fail2ban. Kwa mipangilio yake ya kawaida, akiona anwani moja imekosea mara 5 ndani ya dakika 10, anaifungia dakika 10. Muda ukiisha anafungua, simu inakosea tena, anafunga tena.

Lakini kwa nini ofisi yote? Kwa sababu ofisi nzima hutoka kwenye intaneti kwa anwani moja. Ni kama parseli yenye nyumba nyingi na geti moja: mlinzi wa mbali haoni nani ametoka nyumba gani, anaona geti tu. Na alikuwa anafunga milango ya barua peke yake, wala si 443, ndiyo maana kivinjari na tovuti nyingine zote zilifunguka na kila mtu akaapa kwamba "intaneti iko".

Kumwambia mkubwa kwamba shida iko mfukoni mwake kunahitaji adabu. "Papa, naomba telefone yako kidogo." "Telefone yangu iko na shida gani? Yenye kukatala ni ordinateri!" Nikamwomba aandike mwenyewe neno jipya kwenye simu, mimi nikaangalia pembeni. Musikubali kamwe mtu awaambie neno lake la siri, hata akiwa anawaamini. Siku kitu kikipotea, atakumbuka kwamba mulilijua. Halafu nikaondoa kifungo kwenye seva (fail2ban-client set dovecot unbanip, na anwani). Mpangilio huo ni muhimu: ukifungua kabla ya kurekebisha simu, mutafungiwa tena hata chai haijapoa.

Yule kijana nilimwita asome mistari ile mwenyewe mbele ya mkurugenzi, pamoja na saa ya kila mstari. Jumatatu mchana alikuwa chuoni, hakugusa mashini hata moja. Karatasi yake ya staji ilisainiwa mwisho wa mwezi.

Kuna watakaosema, basi tuondoe huyo mlinzi. Hapana. Seva yoyote iliyo kwenye intaneti inabishiwa hodi usiku na mchana na mashini zinazokisia maneno ya siri. Unaweza kuandika anwani ya ofisi katika orodha ya wasiofungiwa, ila mimi siipendi sana hiyo dawa: kompyuta moja ya ofisi ikipata virusi, mlinzi atakaa kimya.

Ugonjwa mwingine unaofanana na huo ni wa sanduku la pamoja, lile la info ambalo watu wengi wanalifungua. Wawili wa kwanza kufika asubuhi wanapata, wa tatu anakataliwa, na kesho yake anayekataliwa ni mwingine. Watu wanafikiri ni bahati. Ni hesabu tu. Dovecot, programu ya seva inayotumika sana kwa IMAP, kwa kawaida inaruhusu mtumiaji mmoja miunganisho 10 kutoka anwani moja. Thunderbird moja inaweza kushikilia mpaka 5. Tano na tano ni kumi, na ofisi ina anwani moja. Amri ya doveadm who itakuonyesha nani ameshikilia ngapi. Punguza kwenye Thunderbird, au ongeza ile mail_max_userip_connections kwenye seva.

Na kwa sisi tunaoishi na kuranti inayokatika, usisahau saa. Kompyuta ya zamani ikizimwa ghafla na betri yake ndogo ikiwa imekufa, inaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Mlango 993 unaonyesha cheti cha seva, na kompyuta inaona cheti hicho kama kitu ambacho bado hakijazaliwa, inakikataa. Mtu anakuambia imeli imekufa, na tovuti nyingi pia zinamletea onyo. Kabla ya kugusa kitu chochote, tupa jicho kwenye kona ya chini ya kioo, ambako tarehe imeandikwa. Betri ni CR2032, ya duara kama sarafu. Mafundi wa saa huwa nayo. Zima kompyuta, chomoa waya wa kuranti, badilisha betri, weka tarehe, kisha mwambie mwenye kompyuta afungue barua zake tena.