Gari ya silinda nne yenye turbo kali: bloki gani itavumilia?

Kijana wa Lubumbashi anayetaka kuongeza nguvu ya gari yake, swali lake la kwanza karibu kila mara ni turbo. Turbo gani kubwa, inatoka wapi, ni dola ngapi. Bloki inafika nyuma, wakati injini imekwisha kufunguliwa na franga zimekwisha kupungua. Hapo ni kuanzia mkiani. Turbo mbaya unaweza kuitoa na kuweka ingine kesho yake. Bloki ikipasuka, pistoni, bieli na vilbreke vinaweza kuharibika pamoja nayo, na mwenye gari anaanza upya kwa zero.

Bloki ni ule mwili mzito wa injini, au motere kama watu wanazoea kusema. Ndani yake kuna matundu ya silinda ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Pembeni ya silinda maji ya kupoza yanapita. Chini kumefungwa vilbreke, ule mti wa chuma ambao pistoni zinazungusha. Juu kunakaa kilasi, iliyofungwa na boloni ndefu. Turbo kazi yake ni kusukuma hewa nyingi mu silinda, hewa nyingi inaruhusu kuchoma esansi nyingi, na kule kuchoma kunatoa presio. Ile presio yote, bloki njo inaishika.

Ni presio ya namna gani? Chukua pistoni ya upana wa milimita 85, kama ile ya Mitsubishi Lancer Evolution ya zamani. Juu yake kuna eneo la sentimita mraba karibu 57. Presio ikifika bari 100 wakati esansi inawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu sawa na uzito wa tani 5 na nusu na zaidi. Nguvu ile ile inasukuma kilasi juu, inataka kuing'oa. Na kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo inatokea mara 50 kila sekunde mu kila silinda. Tena bieli haisimami wima wakati wote, inalala kidogo upande, basi pistoni inaegemea ukuta wa silinda na kuupiga. Ukuta mwembamba unapanuka, unakuwa yai kidogo. Segmenti za pistoni zinashindwa kuziba vizuri, injini inaanza kuvuta mafuta. Mbaya zaidi, ukuta unapasuka na maji yanaingia.

Ndiyo maana hesabu ya farasi peke yake haisaidii kuchagua. Miaka ya 1990 viwanda vya Japani vilifuata makubaliano ya kutopita farasi 280 mu karatasi. Lancer Evolution iliandikwa 280, Subaru Impreza STI nayo 280. Ukisoma karatasi, ni ndugu mapacha. Ukifungua injini, ni bloki mbili tofauti kabisa, na mtu anayetaka kufika farasi 400 au 500 atakutana na shida tofauti kabisa.

Tofauti ya kwanza ni madini. Bloki ya Evolution ya kwanza hadi ya tisa, inayoitwa 4G63, ni ya fonti, ule chuma cha kumimina mu kalibu. Fonti ni nzito lakini ni ngumu, haipindiki haraka, na ukuta wa silinda ni sehemu ya bloki yenyewe. Mafundi wa sehemu nyingi duniani wameifikisha farasi 600 wakibadilisha pistoni na bieli lakini bloki ikibaki ile ya kiwandani. Toyota 3S-GTE, iliyokuwa mu Celica GT-Four, nayo ni ya fonti, silinda za milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86. Ni Celica za aina hiyo zilizoshinda Safari Rally ya Kenya mara kadhaa kati ya 1990 na 1995, mu vumbi, mawe na joto.

Aluminiamu ni nyepesi na inatoa joto haraka. Lakini inapanuka zaidi kwa moto na ni laini, ndiyo maana kwa kawaida ndani ya silinda wanaweka shemizi za fonti. Wafaransa walichagua jina vizuri, chemise ni shati, na ile shemizi kweli ni shati ambalo silinda inavaa. Subaru EJ20 na EJ25 ziko hivyo, Honda za K20 pia. Usisikie kwamba aluminiamu haiwezi kazi. Mercedes-AMG walitoa mu 2019 injini ya silinda nne, lita 2, yenye farasi 421 kutoka kiwandani, na bloki yake ni ya aluminiamu. Lakini waliichora kwa ile kazi tangu siku ya kwanza, na juu imefungwa.

Hilo neno la kufungwa juu lina maana kubwa kuliko madini. Ukitoa kilasi na kuangalia bloki kutoka juu, kuna bloki ambazo silinda zinasimama peke yake katikati ya maji, kama vikombe vinne ndani ya beseni. Hiyo ni bloki wazi. Kiwanda kinaipenda sababu ni rahisi kumimina na maji yanazunguka vizuri pale joto ni kali. Kwa injini bila turbo haina shida. Lakini ukiweka presio kubwa, kichwa cha kila silinda kinatikisika, hakuna kinachokishika, na joenti ya kilasi inaungua. Bloki iliyofungwa ina sahani ya madini inayounganisha silinda na ukuta wa nje, na matundu madogo tu ya maji. Kati ya hizo mbili kuna bloki iliyofungwa nusu, yenye madaraja machache. Honda nyingi ni bloki wazi, ndiyo maana watu wa mashindano wanazitoboa na kuzitia shemizi nene zenye mabega yanayogusana juu. Ni kazi nzuri, lakini ni kazi ya mashine ya kweli. Si ya kufanya chini ya mwembe.

Kisha kuna upana wa silinda. EJ25 ina silinda ya milimita 99.5, EJ20 ina 92. Lita zinaongezeka, nguvu ya chini inakuja mapema, inapendeza kuendesha. Lakini ukuta kati ya silinda na silinda umekuwa mwembamba, na eneo la pistoni limekuwa kubwa, basi presio ile ile inasukuma zaidi. Watu wengi wanaotafuta farasi nyingi kwa Subaru wanarudi kwa lita 2, hata kama ile 2.5 iko tayari mezani.

Kurefusha mwendo wa pistoni ni njia ingine ya kupata lita. Mitsubishi 4G64, ya lita 2.4, iliwekwa hata mu pikap L200 za esansi, na ni ya fonti. Wengi wanachukua ile bloki na kuweka kilasi ya 4G63 juu yake. Inawezekana, ila bloki yake ni ndefu kwenda juu kwa milimita 6, kwa hiyo mkanda na mabomba fulani lazima vibadilishwe. Na mwendo ni milimita 100 mahali pa 88. Kwa mizunguko 8,000, pistoni ya 88 inatembea kwa wastani metre 23 na nusu kwa sekunde, ile ya 100 inakaribia 27. Bloki haitavunjika kwa hilo, bieli njo zinateseka. Mwenye 4G64 anapaswa kukubali kuzungusha injini yake polepole.

Sasa, mu Lubumbashi injini hizo za majina makubwa haziko nyingi. Zilizojaa mu parking na mu depo za vipande vya okazio ni Toyota za familia. Hapo kuna mtego. Noah ya kwanza, RAV4 ya kwanza, Carina na Caldina nyingi zina 3S-FE. Bloki yake ni ya fonti, silinda ni 86 kwa 86 sawasawa na ile ya 3S-GTE, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ile ya turbo ina vibomba vidogo vinavyorusha mafuta chini ya pistoni ili zisiyeyuke. 3S-FE ya kawaida haina. Pistoni na bieli ni zingine, na ukandamizaji wa 3S-FE ni mkubwa zaidi ya ule wa turbo. Mtu mwenye haja ya turbo ndogo, presio ya kiasi, anaweza kuanzia hapo akibadilisha ya ndani. Kufunga turbo kubwa juu ya 3S-FE kama ilivyo ni kutupa franga.

Mtego wa pili ni 2AZ-FE, lita 2.4, ile ya Ipsum, Estima na Kluger. Ni kubwa, ni ya kisasa kidogo, inapatikana. Lakini bloki ni ya aluminiamu, na zile za miaka ya kwanza ya 2000 zinajulikana kwa ugonjwa mmoja: nyuzi za boloni za kilasi zinang'oka mu bloki, kilasi inainuka, maji yanapotea. Hiyo inafika bila turbo yoyote, na mama akienda tu sokoni. Inatengenezwa kwa kutoboa na kutia nyuzi mpya za chuma, na ikifanywa vizuri inashika. Ila kuanza mradi wa farasi 400 kwa bloki ambayo haikuweza kushika farasi 160 za kiwandani, huo ni ubishi.

Watu wanasahau pia kwamba mji uko juu. Lubumbashi ni metre 1,200 na kitu juu ya bahari, hewa huku ina presio ya karibu bari 0.88, si 1 kama Matadi au Dar es Salaam. Saa ya turbo ikionyesha bari 1.5, ndani kuna jumla ya 2.38, wakati pwani ingekuwa 2.5. Wengine wanaongeza turbo ili kurudisha kile kilichopotea. Bloki haioni tofauti, lakini turbo inazunguka kwa nguvu zaidi na hewa inatoka na joto zaidi. Hewa ya moto pamoja na esansi isiyojulikana, ile inayouzwa mu bidoni kandokando ya barabara kwa kadafi, inaleta kugonga: esansi inawaka kabla ya wakati wake. Kugonga kunapiga presio za ghafla ambazo hata fonti haipendi. Mtu asiye na hakika ya esansi yake achague bloki yenye akiba, na ashushe presio.

Lubumbashi ina bahati moja. Mji wa migodi ni mji wa atelye, kuna mafundi wa turneri na mashine za kurektifie silinda ambazo mji mwingine hauna. Bloki ya fonti inafaidika sana na hilo, sababu silinda iliyochoka inatobolewa nusu milimita, inawekwa pistoni kubwa kidogo, inarudi kazini. Lakini kila nusu milimita inakula robo milimita ya ukuta kila upande, na kwa turbo ule ukuta njo kila kitu. Bloki iliyokwisha kurektifiwa mara mbili haifai tena kazi hii, hata kama inang'aa. Na siku ya kutoboa, fundi wa turneri aombwe afunge sahani nene ya chuma juu ya bloki na boloni zikazwe kama kilasi iko pale. Boloni zikikazwa zinapinda silinda kidogo; bora silinda itobolewe ikiwa imepindwa hivyo, ili siku ya kazi iwe mviringo kamili.

Bloki ya zamani si lazima iwe mbaya. BMW iliingia mu Formula 1 na injini ya lita 1.5, silinda nne, turbo, ambayo bloki yake ya fonti ilitoka mu familia ya injini ya gari ya kawaida, BMW 1500 ya 1962. Nelson Piquet alikuwa bingwa wa dunia nayo mu 1983, na kufikia 1986 kwa mizunguko michache ya kutafuta nafasi ya kuanza ilipita farasi 1,000. Inasimuliwa sana kwamba wahandisi walipenda bloki zilizokwisha kutembea kilometa nyingi. Sababu inaeleweka: chuma kilichopashwa moto na kupoa mara maelfu kimekwisha kutulia, hakipindiki tena.

Kwa hiyo mbele ya kulipa bloki ya okazio, itolewe kilasi, isafishwe, mnunuzi awe pale. Rula ya chuma iwekwe juu ya uso wa bloki kwa urefu na kwa pembe: kijikaratasi cha milimita 0.05 kikipita chini yake, lazima isawazishwe. Silinda zipimwe juu, katikati na chini, na kwa pande mbili. Iangaliwe vizuri kati ya silinda na silinda, na kuzunguka matundu ya boloni, pale ufa unapenda kuanzia. Bloki ijazwe maji kwa presio na iachwe. Na zile kofia za chini zinazoshika vilbreke ziwe zake mwenyewe, na namba zake kwa mpangilio, sababu kiwandani zinatobolewa pamoja na bloki na za bloki ingine hazikai sawa. Muuzaji akisema kofia zimepotea lakini atatafuta zingine, bei yake si bei tena, hata akishusha nusu.